Safu ya Mbele

Jumamosi asubuhi kamati ya kukarabati makaburi ya kale ilipanga viti vya plastiki katika ukumbi wa shule, ikajaribu kipaza sauti, ikakuta kinakoroma, ikaendelea nacho hivyohivyo. Ajenda ilikuwa moja. Mtaro wa maji ya mvua ulikuwa ukila udongo wa upande wa chini wa makaburi, na mwaka uliopita ulikuwa umeondoka na makaburi manne. Zilihitajika fedha za kujenga ukuta kabla ya mvua kubwa.

Mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, alisimama wa kwanza. Aliahidi malori mawili ya saruji kwa heshima ya babu yake. Ukumbi ukapiga makofi. Mshereheshaji, ambaye watu walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alirudia ahadi hiyo mpaka waliokuwa barabarani wakaisikia.

Kesho yake mtunza makaburi alikuta kaburi la babu wa Mwenyekiti limetoka katikati na kuhamia safu ya mbele, kando ya lango. Lilikuwa limekuja na magugu yake na ufa wake. Mengine yalikuwa yameshuka kidogo ili kuliachia nafasi. Mtunza makaburi alimpigia Mwenyekiti simu kuuliza kama njia ya kuingilia ibaki palepale au isogezwe. Aliambiwa isogezwe.

Mwalimu mstaafu aliyeahidi matofali alimwona shangazi yake akipanda safu mbili. Mwenye mashine ya kusaga aliahidi kokoto, na baba yake akampita shangazi wa mwalimu. Watu walilalamika kwamba utaratibu huo ulipaswa kutangazwa mapema.

Mshonaji mmoja wa nguo za kike alikuwa na bibi yake pale, bibi aliyemlea tangu akitambaa. Kila baada ya kikao bibi alishuka. Mwezi ulipokwisha, kati yake na mtaro pangetosha kuweka cherehani, na si cherehani kubwa. Mshonaji alifunga kazi akaenda dukani kwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, bibi yangu anaingia mtaroni."

"Toa ahadi, dada."

"Sina hela."

"Nani kakuuliza hela? Nimesema ahadi."

"Na saruji yako umeshaipeleka?"

Mwenyekiti aligeuka akaitazama mifuko ya saruji iliyopangwa nyuma yake hadi darini. "Iko njiani," alisema.

Mshonaji alishukuru akarudi kazini. Jumamosi iliyofuata alivaa gauni lake zuri, akasimama, akaahidi ukuta mzima, kuzunguka pande zote, pamoja na geti la chuma.

Redio alishusha kipaza sauti. "Mama, una hakika?"

"Wewe kazi yako kutangaza au kuuliza?"

Alitangaza. Asubuhi bibi alikuwa mbele kabisa, amempita babu wa Mwenyekiti kwa upana wa mguu. Mwenyekiti alifika kwa mshonaji kabla hajafungua dirisha.

"Dada, ukuta wote huo utaulipaje?"

"Uko njiani."

Mwenyekiti alijikuna shingo. Angeweza kupendekeza kwamba ahadi isiyolipwa isihesabiwe, lakini wa kwanza kurudi nyuma angekuwa babu yake. Aliondoka, na kikao kilichofuata akaongeza lori la tatu.

Baada ya hapo hakuna aliyejizuia. Ahadi zilifikia kiasi cha kuta tatu na mnara mmoja ambao haukuwamo kwenye mpango. Safu za mbele zilibanana hata wageni wakawa wanapita kiubavuubavu. Hakuna tofali hata moja lililokuwa limeletwa.

Aliyeshuka kuliko wote alikuwa mama wa Dobi. Yeye na bibi wa mshonaji walikuwa majirani tangu enzi za uhai wao, na walizikwa pamoja kwa kupenda kwao. Dobi hakuwahi kuahidi kitu. Alikuwa amempelekea mweka hazina fedha mkononi, akaomba asitajwe, akarudi kwenye pasi yake. Hiyo ndiyo fedha pekee ambayo kamati iliwahi kuishika. Walinunulia kipaza sauti kipya.

Mshonaji alimkuta Dobi akinyoosha mashati.

"Kaka, Jumamosi simama useme chochote. Sema utaleta greda."

"Mimi nimeshalipa."

"Ndiyo kosa lako. Ungekuwa unadaiwa wangekukumbuka."

"Nikileta hilo greda la mdomoni, mama akapanda, pale chini atashuka nani?"

Mshonaji alitazama mvuke wa pasi. "Basi unataka nifute ahadi yangu, bibi arudi?"

"Utaifuta?"

"Hapana," alisema mshonaji, ambaye katika mambo mengine alikuwa mkweli.

Mvua kubwa ilianza Jumanne. Kaburi la mama wa Dobi liliingia mtaroni zimazima, likapita chini ya daraja, likapita nyuma ya soko, likakunja kona kwenye uchochoro wa Dobi na kutulia uani kwake, chini ya kamba ya kuanikia. Dobi aliinua kamba kidogo ili shuka zisiguse jiwe. Wateja waliokuja kuchukua nguo walimwamkia mama kwanza, kisha wakauliza kuhusu kola zao.

Mwenyekiti alimwandikia Dobi ujumbe. Alieleza kwamba kaburi la kale limehama eneo la kihistoria bila kibali, na kwamba ili lipokelewe tena mhusika anatakiwa kutoa ahadi. Dobi alijibu kwamba mama amefika salama na hana mpango wa kurudi, na kwamba suti ya Mwenyekiti iko tayari, aje na hela. Mwenyekiti alijibu kwamba atazileta mwisho wa mwezi.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Ukingoni mwa mtaro sasa lilikuwa limefika kaburi ambalo jina lake lilishafutika na hakuna aliyejua ni la nani. Kamati iliona kwamba, kwa mara ya kwanza tangu michango ianze, hakuna mtu mwenye malalamiko.