Kigoda Kisichopiga Hodi

Usiku wa kuamkia leo niliota nyumba yangu inanipigia hodi.

Mimi ni kipofu, huu mwaka wa pili, na hata ndotoni sioni. Naota kwa masikio na vidole. Kifuani nilikuwa nimevaa kikasha alichoniundia Masanja, fundi redio wa hapa Tabora, kwa bei isiyozidi kuku wawili. Amekipachika ndani ya kopo la sabuni. Nikikaribia kitu, kinatetema. Yeye alinieleza kwamba sasa vitu vyote vitakuwa vinanipigia hodi kabla sijavifikia.

Nilikivaa kwa moyo mmoja, maana binti yangu Kabula amekuja kunitazama, na wiki hii nimejikwaa mara mbili kwenye mlango wa jikoni. Amesema nikijikwaa tena anafunga nyumba, ananihamishia kwake Mwanza. Nami nyumba hii naipenda, siendi popote.

Basi natoka chumbani. Ukuta unasema, "Hodi."

Mimi nimelelewa. "Karibu," nasema.

Ukuta unakaribia. Unasimama puani pangu, unaniuliza habari za shamba. Kabati nalo linapiga hodi, nalikaribisha, meza vilevile. Muda si muda tumebanana ukumbini na hakuna anayeaga.

"Mama Kabula," kikasha kinasema, kwa sauti ya Masanja aliyechoka, "ukuta ukipiga hodi, usiukaribishe."

"Nimfukuze? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Huyo si mgeni. Ulimjenga mwenyewe."

Naviomba vyote virudi mahali pake, vinarudi vikinung'unika.

Ukumbi sasa ni darasa la shule niliyosoma utotoni, na kikasha kinaita majina. Vyombo vyote vinaitika, isipokuwa kigoda cha jikoni.

"Kwa nini wewe hupigi hodi?" nakiuliza.

"Napiga, mama. Ila mimi mfupi, na kikasha umekivaa kifuani. Kinasikia ya juu, mimi kinanipita."

"Na nani anakutoa jikoni?"

Kigoda kinaona haya kidogo. Kinasema ni Kabula: kila asubuhi hukikalia mlangoni apate mwanga wa kuchambulia mchele, kisha huenda bombani na kukiacha hapo hapo.

Nikaamka, kumekucha. Nikakifunga kikasha gotini, nikaelekea jikoni polepole. Mlangoni kikatetema. Nikasimama, nikainama, nikapapasa: kigoda, kingali na joto, na juu yake punje tatu za chuya.

Kabula alikuwa ndiyo anarudi na ndoo. Alinikuta nimesimama hapo, chuya kiganjani. Akaiweka ndoo chini.

"Mama," akasema, "kumbe siku zote ni mimi."

Nikamwambia akae amalizie mchele wake. Kisha nikamzunguka, nikaenda kuwasha jiko langu.