Magoti ya Kioo

Saa tatu asubuhi, Verediana akiwa anageuza dagaa kichanjani pale Kibirizi, ufukweni mwa ziwa, magoti yake yalianza kuonyesha ndani kama kioo. Lilianza la kushoto, lile lililopasuliwa mwaka jana, likafuata la kulia. Akashusha kanga, akaendelea kugeuza.

Kufikia saa nne, kila aliyevuka miaka sitini pale mwaloni alikuwa hivyohivyo.

Mwaka jana, goti lilipomsumbua, muuguzi wa zahanati alimwonyesha mazoezi ya kunyanyua mguu. Mwanawe Jeremia akayadharau, akampeleka hospitali ya binafsi yenye mashine mpya ya kupiga picha za ndani ya mwili. Daktari akawaonyesha picha: gegedu, ule utando laini kati ya mifupa, imechakaa na kuchanika.

"Bibi, hili ni la kupasua tu."

Likapasuliwa. Maumivu yakabaki palepale, fimbo ikaongezeka.

Sasa Verediana alipita akichungulia magoti ya wenzake, moja baada ya jingine. Yote yamechakaa. Yote yamechanika. La Honorata ndilo bovu kuliko yote, na Honorata, miaka sabini na moja, tangu alfajiri alikuwa anapandisha ndoo za dagaa kutoka mitumbwini.

"Linakuuma?"

"Liniume kwa nini?"

Verediana akamshika mkono, wakaenda hadi kwa daktari yuleyule.

"Tazama! La huyu ni bovu kuliko langu, na hajui maumivu. Mimi ulinipasulia nini?"

Daktari akainama, akalitazama goti la Honorata, akatikisa kichwa.

"Huyu amechelewa sana."

"Haumwi!" Verediana akafoka. "Hajaumwa hata siku moja!"

"Ataumwa," daktari akasema, akaandika tarehe ya upasuaji.

Njiani Honorata alitembea akiinamia goti lake kila hatua.

"Usiende, mwenzangu."

"Nimeliona kwa macho yangu, Verediana. Nitalikanyagiaje tena?"

Hospitali ikaizima mashine, maana haikuwa na kazi tena. Ikaweka benchi getini, na muuguzi wa kutazama magoti ya wapita njia. Foleni ikafika barabarani.

Alhamisi Honorata alipanda ngazi za hospitali mbilimbili, bila kushika ukuta. Jumamosi alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, uso umemshuka.

Verediana alikuwa akimsubiri getini. Muuguzi wa benchi akalitazama goti la kulia la Verediana, akafungua daftari, akamuuliza jina.