Kidole Kisichoonekana

...na tena mama mdogo Somoe anakiweka, kidole gumba cha mkono wa kulia, baada ya kukifuta kwa kanga na kusema bismillahi, na simu inatetemeka kidogo, inakataa, na Mwanaidi aliyeketi naye mkekani anajikaza asiseme neno, maana kanuni aliyoapa kuishika ni kwamba mtafiti haelekezi, hasaidii, hakunji hata uso, anatazama tu mtu anavyohangaika na mashine, ndiyo kazi yenyewe, kazi ambayo hapa Pande hakuna aliyewahi kuielewa, "Sasa huo udaktari wako unatibu nini?" mama mdogo alimuuliza mwaka ule alipoanza, naye akajieleza weee, kwamba anachunguza jinsi watu wanavyotumia simu na kompyuta, mama mdogo akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Kumbe unasomea kuchungulia," wakacheka wote wawili... leo hakuna anayecheka, kidole kimerudi kwenye kioo, "Au nikandamize kwa nguvu?" na Mwanaidi macho kayapeleka kwenye ungo ukutani, huko kuchungulia kwenyewe hakufika kwa njia iliyonyooka, alianza na mimea akidhani ataitibu mikorosho, akaenda kufundisha hesabu Kilwa Masoko, akarudi chuoni kwa takwimu, akaacha, akaikuta kompyuta ukubwani, darasa moja na watoto waliomwita anti, na kila alipogeuza njia watu walisema mshika mbili moja humponyoka, isipokuwa mama mdogo, yeye aliuliza tu, "Huko uendako kuna vitabu?" vipo, alijibu, naye akasema basi nenda... "Inasemaje hii, mwanangu?" Inasema haioni kidole, mama, haikuoni wewe uliyenilea tangu mama yangu azikwe, lakini hilo halijibiwi, Profesa Alfonsi, msimamizi wake chuoni, anasubiri majaribio haya ya mwisho, programu ya wakulima wa korosho, inafunguka kwa alama ya kidole ili asiyejua kusoma asihangaishwe na maandishi, wazo lake mwenyewe Mwanaidi, alilitetea mbele ya jopo kwa majivuno, na wanawake wote walioshindwa katika vijiji vilivyotangulia aliwaandika "kosa la mtumiaji", watu wazima, waliomrudishia simu kwa mikono miwili wakimwomba radhi, naye akawashukuru, akapanda bodaboda akaenda zake... na sasa mama mdogo amekigeuza kidole juu, anakikagua kwenye mwanga wa mlango, na Mwanaidi anakiona, kinang'aa, hakina mstari hata mmoja, kama sahani iliyosuguliwa miaka, na papo hapo harufu inamjia, korosho zinachomwa uani, wanawake wanabangua, mikono wameipaka majivu na bado mafuta ya ganda yanapenya, yanakula ngozi msimu kwa msimu, naye, bado mtoto, ananyoosha mkono ili asaidie, mama mdogo anamchapa kofi vidoleni, "Toa mkono wako hapo, mafuta haya hayana adabu, kashike kitabu," alilia siku ile, alidhani anafukuzwa... anavitazama vidole vyake, vyororo, mistari yote ipo, simu hii ilimpokea alipoigusa mara ya kwanza tu na hakuwahi kujiuliza kwa nini, aliona ni jambo la kawaida, vidole viko hivyo, kumbe vyake vimetunzwa, kuna mtu alivilinda kwa vya kwake, na wale wanawake wa vijiji vilivyotangulia, wabanguaji wote, hakumtazama hata mmoja mkono, alitazama kioo, miaka yote hii ya kutangatanga toka somo hadi somo ili ajifunze kutazama watu, na alikuwa akitazama kioo.

"Nimekosea wapi, mwanangu?" anauliza mama mdogo, kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeogopa kumharibia mwenziwe kazi, na kidole anakirudisha palepale, na simu inatetemeka, inakataa, na Mwanaidi anajua kwamba akifungua kinywa jaribio hili limeharibika na Profesa atauliza.

"Hujakosea, mama," anasema.