Hadi Kwenye Mwamba

Mimi siwapendi watu wanaosema "muda wangu ni mfupi" halafu wanaongea nusu saa. Kwa hiyo nilipokabidhiwa kengele ya mwenyekiti wa kikao cha mchana, katika mkutano wetu wa mwaka wa wanajiolojia na wapimaji wa ardhi, niliipokea kwa mikono miwili. Kila msemaji dakika kumi na tano. Ukizidisha unapigiwa kengele, ukibisha nakuzimia kipaza sauti. Wanasema mimi ni mkali. Ni kweli, na sijawahi kumwomba mtu radhi kwa hilo.

Msemaji wa tatu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, binti mwembamba aliyevaa koti la kuazima lililomfunika hadi vidole. Mada yake ilikuwa kudidimia kwa ardhi katika mtaa wa chini. Nilipoona jina la mtaa nilikaa vizuri kwenye kiti, maana mtaa ule ndio wenye msumari wangu.

Ngoja niwaeleze habari ya msumari, la sivyo hamtaambulia kitu. Miaka ishirini na miwili iliyopita nilipigilia msumari wa shaba kwenye msingi wa kituo cha afya cha mtaa huo, chini ya dirisha la wodi ya wazazi. Pale ndipo penye sifuri yetu. Ukitaka kujua kama nyumba yoyote mjini imeshuka au imetulia, unaanza kupima kutoka pale. Ndiyo maana wenzangu wananiita Bwana Sifuri, kwa heshima lakini. Na ofisini tuna sheria ambayo haijaandikwa popote: kila kitu kinapimwa kutoka kwenye msumari, ila msumari wenyewe haupimwi.

Fomu ya msumari ina sahihi yangu na neno moja: mwamba. Maana yake tulitoboa udongo wote wa chini ya msingi tukafika kwenye jiwe mama, lile lisilosogea. Sasa mambo yameshanitokea puani, kwa hiyo nitasema. Siku ile keekee ya mtambo iligonga kitu kigumu kwenye mita sita, na mvua ikaanza. Fundi wa mtambo akaniambia, "Bosi, hili huenda ni jiwe tu limelala ndani ya udongo. Tuongeze mita tatu tuhakikishe." Nilikuwa nimelowa chapachapa na njaa inaniuma. Nikamwambia afunge vyombo, nikaandika mwamba. Fundi alishafariki, kwa hiyo siri nikabaki nayo peke yangu.

Na muuguzi mkuu wa kituo hicho ni nani? Dada yangu. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka minne, yeye kumi na tano. Aliacha shule akanilea, na ananijua nje ndani. Nikidokoa sukari alikuwa ananiuliza mara moja tu, huku ananitazama. "Umekohoa," anasema. "Wewe ukitaka kudanganya lazima ukohoe kwanza." Halafu kofi.

Haya. Binti akawasha projekta, akatuambia kuwa kwa vipimo vyake nyumba arobaini za mtaa wa chini zinapanda, sentimita mbili kila mwaka. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Nyumba zinapanda, zimetiwa hamira? Mkurugenzi wetu, aliyekaa mstari wa mbele, alicheka hadi akavua miwani. Mimi pia nilicheka. Kisha ikaja slaidi ya tatu: nyumba zote arobaini zinapanda kwa kiasi kilekile, na kwa miezi sita ya mwisho kasi imeongezeka mara tatu. Hapo kicheko kilinikauka.

Nyumba arobaini haziwezi kupanda pamoja hata siku moja. Ukisimama kwenye ndoo ukaona ukuta mzima unapanda, ujue ndoo inazama. Pampu ya kisima cha kituo ilikuwa inavuta maji chini ya lile jiwe miaka yote, udongo unakauka na kusinyaa, na msumari wangu unakwenda chini na wodi ya wazazi juu yake. Nililiona lote hilo kwenye mstari mmoja mwekundu wa slaidi, kabla binti hajalitamka.

Niliogopa, sifichi. Lakini nilijiogopea mwenyewe kwanza. Kesho yake asubuhi chama kilikuwa kinanivika nishani ya utumishi. Kwenye jalada la kijitabu cha mkutano palikuwa na picha yangu nimechuchumaa kando ya msumari, enzi hizo bado nina nywele.

"Kwa hiyo naomba mkutano huu upendekeze mambo mawili," binti akasema. "Wodi ya wazazi ihamishwe mara moja, na ule msumari..."

Nikapiga kengele.

"Mwalimu, ni dakika ya kumi na moja. Bado nina nne."

"Huna. Hebu tuambie, darubini ya kupimia uliiweka sawa, au uliiegemeza kwenye kichuguu?"

Watu wakacheka. "Niliikagua mara tatu," akasema.

"Mara tatu! Nyumba arobaini zinapaa angani, na hujajiuliza kama kasoro ni macho yako? Nimekufundisha miaka mitatu, kumbe nilikuwa natwanga maji kwenye kinu."

Hakushuka jukwaani. "Naomba kuuliza swali moja tu, mwalimu. Siku ile mlichimba hadi wapi?"

Nikakohoa, nikanywa maji. "Hadi kwenye mwamba," nikasema. "Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Na usisahau, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nilipigiwa makofi. Binti akakusanya karatasi zake, zikamponyoka, akapiga magoti kuziokota mbele ya watu mia mbili, nami nikamwita msemaji anayefuata kabla hajainuka. Niliona raha. Kwa sekunde tano hivi niliona raha kabisa, na ni heri niwaambie kuliko mkaisikie kwingine.

Wakati wa chai nilitoka kwenye korido nikampigia dada simu.

"Dada, kesho usiende kazini."

"Nisiende vipi? Nina kina mama kumi na mmoja wodini, wawili wanajifungua muda wowote."

"Jipe likizo. Pumzika kidogo."

"Yule mwanafunzi wako alikuja hapa wiki iliyopita," akasema. "Kaniambia nihamishe wodi, ukuta unapasuka. Nikamfukuza. Nikamwambia msumari ule kaupigilia mdogo wangu kwa mkono wake, na mdogo wangu habahatishi. Sasa wewe unanipigia mchana kweupe unaniambia nipumzike. Niambie neno moja tu. Ukuta huu ni salama?"

Wakati huohuo mkurugenzi akatokea na kikombe chake, akanipiga begani. "Bwana Sifuri! Umempa vidonge vyake, bwana!" Akasimama palepale, anatabasamu, anasubiri nimalize simu.

Nikakohoa. "Ni salama, dada," nikasema.

"Haya, mdogo wangu. Nimesikia."

Akakata simu. Mimi nikarudi kunywa chai.

Kesho yake asubuhi, saa nne, mkurugenzi alikuwa anahangaika na pini ya nishani kwenye koti langu simu zilipoanza kulia ukumbini, moja, mbili, kisha kila kona. Ukuta wa wodi ya wazazi ulikuwa umeanguka.

Dada hakulala usiku ule. Alimtafuta binti, akamwomba radhi, na tangu alfajiri wao wawili wakawa wanawatoa kina mama, na magodoro yao, hadi kwenye darasa la jirani. Walitoa kumi. Wa kumi na mmoja alikuwa anasukuma, hawezi kuinuliwa. Dada akamfukuza binti nje, akabaki na yule mama. Mtoto alitoka akakuta mikono ya dada, na ukuta ukawakuta wote watatu. Mama yule alikufa. Mtoto alifukuliwa kifuani kwa dada, analia, hana hata mchubuko. Dada walimkata mguu juu ya goti.

Mnadhani waliniuliza mimi? Thubutu. Mkurugenzi aliunda tume ya uchunguzi na akanipa mimi uenyekiti, maana nani anaujua mtaa ule kunishinda? Hadidu ya rejea ya kwanza ya tume: kwa nini muuguzi mkuu alihamisha wagonjwa bila idhini, wakati mkutano wa wataalamu ulikuwa umeikataa ile hofu, na kwa nini alimwacha mmoja ndani. Karatasi ile nilikuwa nayo mfukoni siku nilipokwenda kumwona.

Binti alikuwa ameketi kando ya kitanda, anamnywesha uji kwa kijiko. Akasimama. "Shikamoo, mwalimu." Heri angenitemea mate.

"Pole, dada," nikasema.

Dada alitazama shuka lilivyolala bapa pale mguu ulipokuwa. "Binti kanieleza ulivyomtisha mbele za watu. Guu limevunjika kweli, ila umekosea mtu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ananiambia nifunge mlango. "Na mimi nilimsikia mkuu. Nilikusikia vizuri sana kwenye simu ile. Ulikohoa."

Nikaipapasa ile karatasi mfukoni.

"Wanataka kunishtaki kwa ajili ya yule mama, nimeshaambiwa. Wewe ndiye utakayeandika. Mimi sikuombi kitu, nimeshakulea, yamekwisha. Mjibu mtoto wa watu swali lake tu. Muulize tena, mwanangu."

Binti akatoa daftari kwenye mkoba, akafungua ukurasa mweupe, akaondoa kifuniko cha kalamu. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mpimaji anayesubiri kusomewa namba.

"Mwalimu, siku ile mlichimba hadi wapi?"

Nilitaka kusema mita sita. Wallahi nilitaka, maneno yalishafika mdomoni. Nikafungua kinywa, na kabla halijatoka hata moja, nikakohoa.

Dada akageuza uso ukutani. "Funga daftari, mwanangu," akamwambia binti. "Amekwisha kujibu."