Boti Nyeupe Isiyo na Jina

Kikosi chetu cha ulinzi wa pwani kina boti tatu za doria kwa kisiwa kizima. Moja imelala juu ya magogo tangu mwaka jana inasubiri kipuri, ya pili haipati mafuta, na ya tatu ndiyo ilikuwa yetu huku kusini, Makunduchi. Alkhamisi wakaja kuichukua na hiyo.

Afande Wakil, mkuu wangu wa mjini, alinipigia simu mapema. "Usi, kuna taarifa," alisema. "Kuna watu wana boti ndogo na baruti, wanaitaka feri ya abiria. Siku gani, hatujui. Boti yako naileta bandarini."

"Na mimi nilinde kwa kutumia nini, Afande? Kwa darubini?"

"Kwa darubini na simu."

Hakuwa anatania. Akanipa na agizo la kuwafikishia wavuvi: wasiisogelee boti yoyote ndogo wasiyoijua, hata walio ndani wakiomba msaada, maana adui anaweza kujifanya anazama. Wakae mbali, wapige simu kituoni. Ijumaa baada ya sala nililitangaza msikitini, na kwa watu wetu neno la msikitini si karatasi ya kubandika ukutani, linashikwa. Mcha, nahodha wa mashua ya uvuvi, aliuliza, "Na mtu akizama kweli?" Nikamjibu kwamba kikosi kitakuja. Kila aliyekuwa mle ndani alijua kikosi hakina boti.

Mke wangu Kazija analima mwani. Zamani waliulima kwenye maji ya magoti, lakini maji ya ufukweni yamepata joto na mwani unaoza, ikabidi waufuate kwenye kina, nje ya mwamba. Kikundi chao kilikuwa kimepata boti mpya, nyeupe, ambayo wavuvi walikuwa hawajaiona majini. Huku kwetu chombo hujulikana kwa jina lake, na jina haliandikwi mpaka chombo kisomewe dua. Dua ilipangwa Jumapili. Jumamosi asubuhi nilimwambia Kazija asubiri hiyo kesho.

"Mwani ushaanza kulegea, Baba Ummy," alisema huku akijifunga kanga kiunoni. "Tukingoja halua na kahawa ya dua, tutavuna uji."

Wakatoka wanawake wanne. Nilimwacha aende kwa sababu alisema kweli.

Asubuhi hiyo maji ya bamvua yalikuwa yametoka mbali, vyombo vyote vya kijiji vimelala mchangani, Mcha aliponipigia simu. Yeye alikuwa nje ya mwamba.

"Usi, nnaona boti siijui. Nyeupe, haina jina wala namba. Imepinduka. Pembeni yake kuna viroba vimefungwa kamba, na machupa yanaelea."

Nikainua darubini. Niliona kitu cheupe, na nguo ikipungwa.

"Mcha, hao kina Kazija! Hivyo viroba vya mwani, na machupa ndiyo maboya yao! Wasogelee!"

"Umewaona sura?"

"Nimeona kanga."

"Kanga inauzwa kila duka. Si wewe ulotwambia watajifanya wanazama? Nna watu humu, wana watoto wao. Niapie tu kuwa ndio wao, nami nnakwenda sasa hivi."

Hapo nilikwama. Ulimi ulikuwa tayari, lakini sijapata kumtaja Mungu juu ya kitu nisichokiona, na mashua ya Mcha ilikuwa na vijana niliowasomesha Kurani. Kama ni baruti kweli, ningekuwa nimewapeleka kufa kwa kiapo cha uwongo. Nikamwambia asubiri, nikampigia Afande Wakil.

"Boti ikiondoka hapa sasa, itakufikia wakati mambo yameshakwisha," alisema. "Na feri inaingia, imejaa watu."

"Basi mruhusu Mcha awasogelee."

"Umethibitisha ni nani?"

"Ni mke wangu, Afande!"

Alishusha sauti. "Huenda ni mkeo, Usi. Huenda ndivyo wanavyotaka tuamini. Siwezi kumtuma raia mahali ambapo nisingemtuma askari. Thibitisha kwanza."

Thibitisha! Nikatupa viatu, nikakimbia juu ya mwamba uliokauka, ukanikata nyayo, nikaingia majini mpaka kifuani huku simu na darubini nimezinyanyua juu ya kichwa. Nilikuwa nikilia kama mtoto, na sioni haya kulisema. Kutoka pale darubini ilinionyesha uso mmoja juu ya tumbo la boti: Salhiya, jirani yetu, mmoja wa wale wanawake wanne.

"Wallahi ni Salhiya!" nikamwambia Mcha kwenye simu. "Wallahi nnamuona!"

Nilichosikia ni mashine ya mashua ikiunguruma. Mcha hakutaka ruhusa ya mtu mwingine.

Aliwatoa watatu. Salhiya ndiye aliyenieleza, akitetemeka ndani ya blanketi la kituo. Kazija ndiye aliyekuwa akipunga kanga. Alikuwa akiwaambia wenzake wasikate tamaa, Mcha ameshawaona, anakuja. Akapunga mpaka mkono ukamshinda, wimbi likamtenga na boti, wasimwone tena. Mcha alikuwa amekaa kwenye upenu wa kituo, ameinamisha kichwa.

Feri ilitia nanga salama. Hakuna boti ya baruti iliyoonekana, siku ile wala hadi leo.

Jumapili Afande Wakil alikuja mwenyewe na boti kututafutia maiti. Tulizunguka kutwa nzima. Mchana, bila kunitazama, aliniuliza, "Ungekuwa wewe, Usi, ungeitoa boti bandarini jana?"

Nilitaka kumtukana. Nikaifikiria ile feri, watu wamelala kwenye ngazi, kina mama wamepakata watoto, mizigo mpaka mlangoni.

"Nisingeitoa, Afande."

Akanishika bega. Niliuondoa mkono wake, tukaendelea kutafuta.

Alasiri ilipopita akaniambia taarifa bado haijafutwa, na feri ya jioni iko njiani, boti lazima irudi mjini. Aliniomba radhi mara mbili. Kazija alikuwa bado hajapatikana. Waliponirudisha ufukweni nikashuka majini, nikawafungulia kamba ya boti kwa mikono yangu, waende.