Aliyekula kwa Mkono wa Mkewe

Baba yangu, Mwalimu Anatoli Luhaga, alifundisha hesabu sekondari kule Bariadi miaka kumi na tisa, na miwili kati ya hiyo mimi nilikuwa darasani kwake. Kabla ya mada mpya alitusimulia kwanza jinsi wataalamu wa hesabu walivyokufa. Arkimedi aliuawa na askari akiwa anachora duara zake. Galois, Mfaransa, alipigwa risasi ya tumbo akiwa na miaka ishirini tu. Hapo darasa lilinyamaza. Ila alipofika kwa Gödel, aliyehamia Marekani, tulicheka. Huyo aliogopa sumu mpaka akawa hali ila chakula cha mkewe. Mke akalazwa hospitali miezi kadhaa, naye akafa kwa njaa, amebaki kilo thelathini hivi.

"Msicheke," baba alisema. "Alikuwa na akili kuliko shule hii nzima."

Mwaka 1994 serikali ilipunguza wafanyakazi, jina la baba likawamo. Tukarudi kwetu Malampaka. Malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalikuwa yanapishana barabarani na kila mtu ana biashara anayoijaribu, lakini baba hakujaribu kitu. Alikaa ndani akimtafuta aliyepeleka jina lake. Alimshuku mkuu wa shule, halafu walimu wenzake, halafu majirani. Mtu aliyeninyima kazi, alisema, hashindwi kunitilia kitu kwenye chakula. Akaacha kula misibani. Mwisho akawa anakula cha mama peke yake. Mama, Felisita, hakubishana naye. Alisonga ugali, akaonja mbele yake, akamsogezea sahani.

Mwaka uliofuata mama alipatwa na uvimbe tumboni. Kaka yangu Constantine akampeleka Mwanza kupasuliwa, mimi nikabaki na baba.

Siku ya kwanza nilimpikia michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda, nikaviunga kwa karanga. Hakugusa. Nikala mimi, ananitazama.

"Sumu nyingine huchukua siku tatu," alisema.

Siku tatu zikapita, mimi mzima, naye hakula. Alikunywa maji aliyoyachota mwenyewe na kutafuna karanga mbichi alizozimenya mwenyewe. Siku ya tisa alikuwa anatembea kwa kushika ukuta. Nikakaa chini mbele yake.

"Baba, unamkumbuka Gödel?"

"Namkumbuka."

"Wewe ndiye uliyetusimulia. Unajua ilivyoisha."

Machozi yakamtoka. "Najua, Joyness. Najua humo hamna sumu. Nikiinua tonge, koo linafunga. Ulidhani yeye hakujua?"

Nilimwandikia mama barua, nikampa jirani aliyekuwa anapanda treni kwenda Mwanza. Sikumwambia arudi. Niliandika tu kwamba baba hali chakula.

Siku ya nne baada ya barua mama akarudi. Madaktari walitaka abaki wiki mbili zaidi, kidonda kilikuwa hakijafunga, akawakatalia. Constantine alimteremsha kwenye behewa akiwa amemshika kiunoni. Tulipofika nyumbani hakutaka kulala. Alikwenda jikoni moja kwa moja, akakaa kwenye kigoda, akaniomba unga.

"Nisonge mimi, mayu, wewe uonje tu," nilimwambia mama.

"Atajua," alisema.

Alisonga kwa mkono mmoja, mwingine ameubana tumboni. Baba alikula sahani nzima huku analia, na mama akamwambia ale polepole.

Alimpikia hivyo siku kumi na moja. Kisha kidonda kikaanza kutoa usaha, homa ikapanda, akawa hawezi hata kukaa. Alifariki Jumanne, wakati Constantine bado anatafuta gari la kumrudisha Mwanza.

Matanga yalipoisha nilimpelekea baba ugali na maziwa ya mgando. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza. Hakuuliza nani kapika. Alinawa, akala, akamaliza, akanirudishia sahani bila kuniangalia usoni. Tangu siku hiyo alikula chochote alicholetewa, cha majirani, cha misibani, hata kilicholala, kwa miaka saba aliyobakiza duniani.

Constantine aliniuliza mara moja tu kwa nini niliandika ile barua. Nilimwambia kwamba baba alikuwa anakufa.

"Ndiyo," alisema, akatoka nje. Hatujaizungumzia tena.