Ramani Dirishani

"Faili yangu haiwezi kupotea," nilimwambia. "Niliileta mwenyewe, nikaiweka mkononi mwako."

"Mama Saru, sijasema imepotea," akajibu Righa, afisa wa mipango wa kaunti, macho yake yakiwa kwenye simu. "Nimesema kwa sasa haionekani."

"Tofauti yake ni gani?"

"Iliyopotea hatuitafuti tena."

Mwenzake wa meza ya pili akacheka. Mimi sikucheka. Ilikuwa mara yangu ya saba katika ofisi ile. Mara ya kwanza mtandao ulikuwa umekwama. Mara ya pili afisa wa afya alikuwa semina. Mara ya tatu walitaka kuja kukagua kiwanja ila gari la kaunti halikuwa na mafuta, na Righa alinikazia macho alipotaja hayo mafuta. Nikajifanya sijaelewa.

Sikuwa nimeomba kujenga ghorofa. Niliomba kibali cha chumba kimoja cha chini, chenye choo ndani na njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu. Mama mkwe wangu, Wawuda, alikatwa mguu mwezi wa pili kwa sababu ya sukari. Nyumba yetu ina ngazi tisa, na choo kiko nje. Mume wangu anafanya kazi Mombasa, kwa hiyo anayembeba mgongoni ni mimi. Wiki iliyopita tulianguka wote wawili kwenye ngazi ya nne. Tangu siku hiyo amepunguza kunywa maji ili asinisumbue. Mgonjwa wa sukari, anajinyima maji!

"Si ujenge tu polepole, mama?" akasema yule mwenzake. "Wengi hujenga hivyo."

"Ndiyo mje kupaka alama nyekundu ukutani kwangu, kesho yake mbomoe?"

"Kazi ni kazi."

Nikageuza uso nisimtukane. Dirisha lao lilikuwa limezibwa kwa makaratasi makubwa yaliyobandikwa kwa selotepu, jua lisiwachome. Mwanga wa saa nne ulikuwa nyuma yake, na mistari ya ramani ilionekana vizuri kabisa. Nikahesabu ngazi tisa. Nikaona mteremko. Pembeni, chini, jina langu.

"Righa. Ile ni nini?"

Akatazama.

"Hiyo itakuwa… ni nakala tu."

"Nilileta nakala nne. Tatu zingine ziko dirisha gani?"

"Watu wa usafi hao, mama. Tusamehe. Wacha niishughulikie mwenyewe. Nipe wiki mbili."

Wiki mbili ni safari ngapi za ngazi tisa? Nikavuta kiti, nikapanda na viatu vyangu, nikaibandua ramani. Jua likampiga Righa usoni, akajikinga kwa mkono.

"Mama, hiyo ni mali ya ofisi!"

"Ni pazia la ofisi."

Nikashuka, nikamwekea karatasi mbili mezani. Moja ilikuwa stakabadhi yao, yenye muhuri wa tarehe nne mwezi wa tatu. Ya pili niliichapisha kwenye duka la saiba jana, baada ya kuisoma mara tatu.

"Leo ni tarehe nane mwezi wa tano. Ni siku sitini na tano. Soma hapo nilipopigia mstari."

Akasoma huku midomo ikicheza. Sheria yao wenyewe ya mipango inasema mwombaji asipojibiwa kwa maandishi ndani ya siku sitini, ihesabiwe kwamba amekubaliwa.

"Hii…" akasema. "Hii huwa haitumiki sana."

"Umewahi kuniandikia? Hata mstari mmoja?"

Righa akaigeuza karatasi. Mwenzake naye alikuwa ameacha kucheka.

Nikatoa simu, nikampigia fundi Mwaluma. Alikuwa kiwanjani tangu asubuhi, kamba na vigingi vikiwa tayari. Nikafungua spika, nikaiweka simu juu ya meza ya Righa.

"Karatasi imetoka, mama?" akauliza Mwaluma.

"Imetoka. Ilikuwa dirishani. Chimba."

"Saa hii?"

"Saa hii. Anza na upande wa choo."

"Mama Saru, tutakuja na rangi," akasema Righa, lakini kwa sauti ndogo.

"Njooni. Mkishapaka, mmoja wenu atambeba Wawuda chooni."

Simuni sururu ikagonga jiwe. Ikagonga tena. Nikakunja ramani yangu.